Kaida na Matumizi katika Itifaki ya HTTP: Suala la Kukielekeza Kivinjari Kikiwa na Data ya Fomu

1.0 Utangulizi

Katika lugha asilia, mvutano baina ya kaida na matumizi ni jambo lililozoeleka. Sarufi huagiza hivi, wasemaji hufanya vile, na baada ya muda sarufi yenyewe hulazimika kuandikwa tena ili iwiane na vinywa vya watu. Ni rahisi kudhani kwamba mvutano wa namna hiyo hauwezi kutokea katika lugha bandia ambazo mashine huzitumia kuwasiliana, kwa kuwa lugha hizo hutungwa kwa makusudi, huandikwa katika hati rasmi, na hutumiwa na programu zisizo na mazoea wala hisia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Mfano unaochunguzwa ni mmoja, tena mdogo: kile kinachotokea pale seva inapokielekeza kivinjari kwenye anwani nyingine, hali kivinjari hicho kimebeba data ya fomu iliyojazwa na mtumiaji.

Mfano huu umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, historia yake imehifadhiwa vizuri katika hati za RFC, ambazo zinaweza kuhesabiwa kuwa ndizo sarufi rasmi za intaneti. Mtafiti anaweza kuifuata kutoka hati ya mwaka 1996 hadi ile ya 2022 na kuona jinsi maana ya alama moja ilivyobadilika. Pili, kuielewa vibaya alama hiyo kuna gharama. Mtu anaweza kulipa ada mara mbili. Anaweza kupoteza maelezo aliyoyajaza kwa saa nzima. Aidha, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 5.0, nywila yake inaweza kukabidhiwa kwa asiyestahili kuiona, bila yeye wala kivinjari chake kuvunja kaida yoyote.

2.0 Ombi, Jibu na Elekezo

HTTP ni itifaki iliyoasisiwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva. Kimsingi ni mazungumzo ya zamu: kivinjari huanza kwa ombi na seva hufunga kwa jibu. Seva haina uwezo wa kuanzisha mazungumzo, wala haikumbuki zamu iliyotangulia. Kila ujumbe una kichwa na, panapohitajika, kiwiliwili. Istilahi hizi mbili zinaafikiana na Kiswahili kuliko inavyoweza kudhaniwa, kwani kiwiliwili ni mwili usipohesabiwa kichwa. Ndivyo ilivyo pia katika ujumbe wa HTTP, ambamo sehemu hizo mbili hutenganishwa na mstari mtupu na huweza kushughulikiwa kila moja peke yake.

Katika mstari wa kwanza wa ombi hutajwa mbinu, yaani kitenzi cha ombi. Mbinu zinazohusika hapa ni mbili. GET huomba kuonyeshwa kitu, na kwa kaida haikusudiwi kubadilisha chochote upande wa seva. Inaweza kurudiwa mara kumi bila madhara. POST hukabidhi kitu ili kishughulikiwe, na kurudiwa kwake kunaweza kuwa na athari kila mara. Fomu ya HTML inaweza kutumwa kwa mojawapo ya mbinu hizi. Ikitumwa kwa GET, data huunganishwa kwenye anwani baada ya alama ya kiulizo. Ikitumwa kwa POST, data husafiri ndani ya kiwiliwili. Chukuliwe mfano wa mwanafunzi anayejisajili katika kozi:

POST /usajili HTTP/1.1

kozi=KI301&muhula=2

Seva ikishapokea ombi hilo inaweza kujibu kwa ukurasa wa shukrani moja kwa moja. Lakini pana kasoro. Ukurasa huo wa shukrani ni jibu la POST. Mwanafunzi akiupakia upya, kivinjari kitalirudia ombi lilelile, na usajili utafanyika mara ya pili. Kwa sababu hiyo ilizoeleka kwamba seva, ikishamaliza kazi, isitoe ukurasa bali itoe elekezo:

HTTP/1.1 302
Location: /shukrani

Kivinjari kikipokea jibu hili hufunga safari nyingine hadi /shukrani bila kumwuliza mtumiaji. Swali ambalo ndilo kiini cha makala haya ni hili: je, katika safari hiyo ya pili kivinjari kinakwenda kwa mbinu ipi, na je, kinauchukua ule mzigo wa data?

Ni muhimu kutambua kwamba jibu la seva lenyewe halina mahali pa kuweka mzigo huo. Kichwa kiitwacho Location hubeba anwani tu. Seva haiwezi kukiambia kivinjari, "Nenda pale na upeleke data hii." Inachoweza kusema ni "Nenda pale"; mengine yanategemea jinsi msikilizaji anavyoifasiri kauli hiyo. Waandishi wengi wa programu, hasa wanaoanza, hushindwa kuiona tofauti hii. Huandika amri ya kuelekeza na kutarajia kwamba vigeu vyote vilivyokuwamo katika fomu vitafika upande wa pili, kisha hushangaa kuvikuta vitupu.

3.0 Msimbo 302: Kaida Iliyoshindwa na Matumizi

Katika maelezo ya awali ya HTTP yaliyotolewa mwaka 1992, msimbo 302 ulipewa jina lenye maana ya "Kimepatikana". Hati ya RFC 1945 ya Mei 1996, iliyoandikwa na Berners-Lee, Roy Fielding na Henrik Frystyk Nielsen, iliubadilisha jina ukawa "Kimehamishwa kwa muda". Kaida yake ilikuwa wazi: kivinjari kisiibadilishe mbinu. Ikiwa ombi la kwanza lilikuwa POST, la pili liwe POST pia, na zaidi ya hayo mtumiaji aulizwe kwanza kabla data yake haijatumwa kwingine. Hata hivyo, hati hiyohiyo ilikiri kwamba baadhi ya vivinjari vilivyokuwapo vilikuwa vikikosea kwa kugeuza POST kuwa GET. Kwa hiyo kaida ilizaliwa ikiwa tayari imekwisha kuvunjwa.

Sababu ya kuvunjwa kwake si uzembe. Katika matumizi halisi, karibu kila aliyetoa msimbo 302 baada ya POST alikuwa na nia ileile ya mfano wa usajili: kazi imekwisha, mpeleke mtumiaji akaone matokeo. Iwapo kivinjari kingeitii kaida, kingefika kwenye ukurasa wa shukrani kikiwa na POST na mzigo wa data ambao ukurasa huo haukuutarajia. Vivinjari vilichagua kufuata nia ya msemaji badala ya maneno yake. Kwa lugha ya pragmatiki, vilifanya kile ambacho msikilizaji yeyote mwenye busara hufanya.

Hapa nadharia ya vitendo-uneni, ambayo chimbuko lake ni mihadhara ya J. L. Austin iliyochapishwa mwaka 1962, ina msaada mkubwa. "Kimehamishwa kwa muda" ni kauli ya taarifa. Inaeleza hali ya kitu fulani. Haimwagizi msikilizaji afanye lolote. Lakini katika mazungumzo ya HTTP kauli hiyo hutumiwa kama amri, sawa na mwenye duka anayesema "Sukari imehamia rafu ya nyuma" akiwa na maana kwamba mteja aende nyuma. Taarifa inapotumiwa kama amri, maudhui ya amri huachwa yakisiwe. Mteja aliyeshika kikapu chenye vitu atakwenda nacho nyuma au atakiacha kaunta? Taarifa haisemi. Utata wa msimbo 302 ulikuwa katika muundo wa kauli yenyewe, na hakuna idadi ya masahihisho ambayo ingeweza kuuondoa bila kubadilisha aina ya kauli.

Hilo ndilo lililofanyika, ingawa haielekei kwamba waandishi wa hati walilifikiria kwa istilahi za Austin. RFC 2068 ya Januari 1997 iliingiza msimbo 303, ambao jina lake ni amri halisi: "Tazama kwingine". Kutazama ni kitendo cha GET. Msimbo huu unakitaka kivinjari kiuache mzigo, kibadilishe mbinu na kwenda kuona matokeo. Miaka miwili baadaye, Juni 1999, RFC 2616 iliongeza msimbo 307 wenye maana iliyo kinyume: mbinu ibaki ileile na mzigo uchukuliwe. Hati hiyo ilieleza bila kificho kwamba misimbo hiyo miwili imewekwa kwa sababu vivinjari vingi vilikuwa vikiuchukulia 302 kana kwamba ni 303. Msimbo 302 wenyewe ulirudishiwa jina lake la zamani, "Kimepatikana", jambo ambalo linafanana sana na kushindwa kwa heshima: neno ambalo maana yake imekwisha kupotea hupewa jina lisilosema kitu.

Hatua ya mwisho ilichukua miaka kumi na mitano zaidi. Hati za RFC hutumia viwango maalumu vya ulazima vilivyofafanuliwa katika RFC 2119 ya Machi 1997: liko jambo ambalo ni lazima, liko linalopasa, na liko linaloruhusiwa. (Mfasiri wa Kiswahili ana mtihani hapa. Kitenzi "-weza" hubeba uwezo na ruhusa kwa pamoja, na katika hati ya namna hii mambo hayo mawili lazima yatenganishwe. "-Ruhusiwa" ni afadhali.) Katika RFC 7231 ya Juni 2014, kile kilichoitwa kosa mwaka 1996 kilipandishwa daraja kikawa ruhusa: kwa sababu za kihistoria, kivinjari kinaruhusiwa kugeuza POST kuwa GET kinapopokea 301 au 302. Sharti la kumwuliza mtumiaji liliondolewa, ikabaki tahadhari ya jumla tu. RFC 9110 ya Juni 2022 inashikilia msimamo huohuo. Kwa upande wake, kanuni ya Fetch inayoandaliwa na kundi la WHATWG, ambayo ndiyo watengenezaji wa vivinjari huifuata zaidi, imekwenda mbali kuliko ruhusa: 301 na 302 zikifuata POST, mbinu hugeuzwa kuwa GET na kiwiliwili hutupwa. Kilichokuwa kosa kimekuwa ruhusa, na kilichokuwa ruhusa kimekuwa kanuni.

Msimbo 308, ambao ni mwenzi wa kudumu wa 307, ulipendekezwa kwa majaribio mwaka 2014 na kuthibitishwa katika RFC 7538 ya Aprili 2015. Una kasoro ambayo wanaleksikografia wataitambua mara moja. Google ilikuwa imekwisha kuitumia nambari hiyohiyo kwa maana nyingine kabisa, yaani kuonyesha kwamba upakiaji wa faili lililokatika haujakamilika na uendelezwe. Homonimia, kumbe, haiepukiki hata pale ambapo nambari za kuchagua ni nyingi.

4.0 Data Inapotakiwa Kufika

Hadi hapa imechunguzwa hali ambayo mzigo unastahili kuachwa. Lakini ziko hali ambazo data ya fomu lazima ifike kwenye anwani ya pili, hasa anwani hiyo inapokuwa ya seva nyingine. Malipo ni mfano ulio dhahiri: mnunuzi anajaza fomu katika tovuti ya muuzaji, kisha anatakiwa kufika kwenye tovuti ya benki akiwa na kiasi cha fedha na nambari ya ankara.

Njia iliyo nyepesi ni kuiweka data kwenye anwani yenyewe, baada ya alama ya kiulizo, na kuelekeza kwa kawaida. Njia hii inafaa kwa data fupi isiyo na siri. Haifai kwa nyingine. Anwani huandikwa katika kumbukumbu za seva, hubaki katika historia ya kivinjari, na huonekana na yeyote anayepita nyuma ya mtumiaji. Urefu nao una mipaka: RFC 9110 inashauri kwamba pande zote zimudu anwani za angalau baiti 8000, na zaidi ya hapo hakuna ahadi.

Njia ya pili ni kuiacha data kwenye seva na kumpa mtumiaji alama tu ya kuitambulia, kwa kawaida kuki yenye nambari ya kipindi. Elekezo likishafanyika, ukurasa wa pili huisoma nambari hiyo na kuichukua data ilipohifadhiwa. Kwa kurasa za tovuti moja, hii ndiyo njia bora, na yafaa isemwe waziwazi kwamba wengi wanaotafuta namna ya kuelekeza pamoja na data ya fomu hawahitaji kabisa kuihamisha data hiyo; imekwisha kuwafikia. Udhaifu wake ni kwamba kuki ya tovuti moja haisomwi na tovuti nyingine.

Njia ya tatu ni msimbo 307. Hapa kivinjari hurudia POST neno kwa neno kwenye anwani mpya. Seva iliyoelekeza haiwezi kuongeza wala kupunguza chochote. Mzigo ni uleule alioujaza mtumiaji. Kwa hiyo 307 inafaa pale ambapo mlengwa amehama lakini kazi ni ileile, kwa mfano ofisi iliyohamisha fomu zake kwenye seva nyingine. Haifai kwa muuzaji anayetaka kuongeza nambari ya ankara.

Njia ya nne ndiyo yenye mvuto mkubwa zaidi kwa mwanaisimu, kwani si elekezo hata kidogo. Seva hujibu kwa ukurasa wa kawaida, wenye msimbo 200, ambao ndani yake mna fomu iliyokwisha kujazwa katika sehemu fiche. Ukurasa huo hubeba pia mstari mmoja wa JavaScript unaoituma fomu mara tu ukurasa unapofunguka. Mtumiaji huona skrini nyeupe kwa sekunde moja, pengine na kitufe cha "Endelea" kilichowekwa kwa ajili ya vivinjari vilivyozima JavaScript. Itifaki imekosa kitenzi. Waandishi wa programu wameunda kirai kinachofanya kazi ya kitenzi hicho. Katika lugha asilia jambo hili hutokea kila siku, na mara nyingi kirai cha namna hiyo huishia kukubaliwa rasmi. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Kiwango cha SAML 2.0, kilichotolewa na shirika la OASIS Machi 2005 kwa ajili ya kumtambulisha mtumiaji kwa tovuti nyingi kwa kuingia mara moja, kinaitambua fomu inayojituma kuwa mojawapo ya njia zake rasmi. Tena, katika matumizi yake ya kawaida ya kivinjari, kiwango hicho kinakataza jibu la utambulisho lisirudishwe kwa elekezo la kawaida, kwa kuwa jibu hilo lenye sahihi na maelezo mengi kwa kawaida huzidi urefu unaovumilika wa anwani.

OAuth 2.0, iliyofafanuliwa katika RFC 6749 ya Oktoba 2012, ilifuata mkondo tofauti. Katika utaratibu wake mkuu kivinjari hakibebeshwi mzigo wenyewe. Hupewa alama fupi, ambayo ni kama stakabadhi ya kuchukulia mzigo stoo, na kuelekezwa nayo kwenye anwani ya mlengwa. Kisha seva ya mlengwa huiwasilisha stakabadhi hiyo kwa seva iliyoitoa, pasipo kukishirikisha kivinjari, na kukabidhiwa kilichohifadhiwa. Utaratibu huu una hatua nyingi zaidi, lakini unakubali ukweli ambao njia nyingine hujaribu kuukwepa: kwamba elekezo ni chombo cha kuonyesha njia na si cha kuchukuza mizigo.

Fomu inayojituma nayo ilipata pigo mwaka 2020. Kuanzia Februari mwaka huo, kivinjari cha Chrome, katika toleo lake la 80, kilianza kuzichukulia kuki zisizo na maelekezo maalumu kuwa haziruhusiwi kufuatana na POST inayotoka tovuti nyingine. Shabaha ilikuwa njema, yaani kuzuia tovuti hasidi isitume fomu kwa jina la mtumiaji bila ridhaa yake. Lakini mnunuzi aliyetoka benki kwa fomu inayojituma alirudi kwa muuzaji bila kuki zake, na muuzaji akamwona kama mgeni asiyewahi kufika. Ilibidi uwekwe msamaha wa muda: kuki iliyotolewa katika dakika mbili zilizotangulia iliruhusiwa kupita. Utekelezaji wa badiliko hilo ulisimamishwa Aprili kutokana na janga la UVIKO-19, ukaendelea Julai. Kwa mara nyingine matumizi yalikuwa yamejenga nyumba juu ya ardhi ambayo kaida haikuwa imeipima.

5.0 Mzigo Unapofika Usipotakiwa

Imedokezwa hapo juu kwamba RFC 6749 huelekeza kivinjari kutoka tovuti inayomtambulisha mtumiaji hadi tovuti anayotaka kuingia. Hati hiyo ilitumia 302 katika mifano yake, lakini iliruhusu njia nyingine yoyote ya kuelekeza. Kwa msomaji wa kawaida ruhusa hiyo haina madhara. Elekezo ni elekezo.

Mwaka 2016, Daniel Fett, Ralf Küsters na Guido Schmitz, wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walitoa uchambuzi wa kimantiki wa OAuth 2.0 ambao ulionyesha kwamba sivyo. Hoja yao inaweza kufuatwa na yeyote aliyeelewa sehemu ya 3.0. Mtumiaji yuko kwenye ukurasa wa kuingilia wa tovuti inayomtambulisha. Anaandika jina na nywila, anabonyeza kitufe, na data hiyo inasafiri kwa POST ndani ya kiwiliwili. Seva inaikagua, inaridhika, na papo hapo inamwelekeza kwenye tovuti ya pili. Ikitumia 303, kivinjari kinaacha mzigo na kwenda kwa GET. Ikitumia 307, kivinjari kinafanya kilichoagizwa: kinarudia POST ileile, kwenye tovuti ya pili, kikiwa na jina na nywila. Tovuti hiyo ya pili, ambayo kusudi zima la utaratibu huu lilikuwa kuiepusha na nywila za watu, inazipokea mkononi. Hakuna aliyekosea kisarufi. Kivinjari kilitii, seva ilitumia msimbo halali, na hati iliruhusu.

Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba mwandishi mwangalifu wa programu, aliyesoma historia ya 302 na kuamua kutumia msimbo mpya usio na utata, ndiye angeweza kuanguka katika shimo hili. Yule mzembe aliyeendelea na 302 alilindwa na kosa la miaka ya 1990. Marekebisho yalikuja rasmi katika RFC 9700 ya Januari 2025, ambayo inakataza 307 pale ambapo ombi linaloelekezwa huenda limebeba nywila za mtumiaji, na kupendekeza 303, kwa kuwa ndiyo pekee inayoagiza bila shaka kwamba mbinu igeuzwe kuwa GET.

6.0 Suala la Istilahi

Istilahi iliyozoeleka katika Kiswahili ni "kuelekeza upya". Kirai hiki kina mwangwi wa tafsiri ya neno kwa neno, na kielezi "upya" ndicho chenye kasoro. Katika mfano wa usajili hakuna aliyekuwa amekielekeza kivinjari hapo kwanza. Mtumiaji alituma fomu mwenyewe. Kitenzi "elekeza" peke yake kinatosha. Mnyambuliko wake, kutoka "elekea", una maana ya kumfanya mtu akabili upande fulani, na ndivyo hasa seva inavyofanya: haimpeleki mtu, humwonyesha upande. Kinyume chake, vitenzi "peleka" na "hamisha", ambavyo navyo hujitokeza katika tafsiri, vinapotosha, kwani vinadokeza kwamba seva imeuchukua mzigo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba seva "inampeleka" mtumiaji ataendelea kuitafuta data yake upande wa pili.

Hata hivyo, "elekeza" pekee haitofautishi 303 na 307, na sehemu iliyotangulia imeonyesha gharama ya kutozitofautisha. Pendekezo la makala haya ni kwamba elekezo linaloacha data liitwe elekezo tupu, kwa kufuata usemi wa kwenda mikono mitupu, na lile linaloichukua liitwe elekezo la mzigo. Inaweza kupingwa kwamba "mzigo" umekwisha kutumiwa katika fani hiihii kwa maana ya wingi wa kazi unaoilemea seva. Pingamizi hilo lina uzito, na "elekezo la kiwiliwili" lingekuwa sahihi zaidi kwa anayejua muundo wa ujumbe. Lakini kwa asiyeujua, neno "kiwiliwili" huleta picha isiyopendeza. Misimbo 301 na 302 isiwekwe katika kundi lolote kati ya haya mawili. Ikisharuhusiwa tabia mbili, jina lisidai moja.

Kubaki kwa nambari pekee, kama wafanyavyo wahandisi, si suluhisho kwa mtumiaji wa kawaida, kwa sababu yeye hazioni nambari. Anachokiona ni onyo linalotokea anapopakia upya ukurasa ambao seva haikuutangulizia elekezo tupu. Onyo hilo likifasiriwa "Thibitisha kutuma fomu tena", halimwambii mlipa ada jambo analohitaji kulijua: kwamba kubonyeza "Ndiyo" ni kurudia tendo, si kurudia kutazama. Kivinjari hakiwezi kujua kama fomu ilikuwa ya malipo, kwa hiyo onyo halina budi kuwa la masharti, na Kiswahili kina viambishi vya kutosha kwa kazi hiyo: "Fomu uliyoituma itatumwa mara ya pili. Kama ulikuwa umelipa, huenda ukalipa tena."